Kamba ya Mkono wa Kushoto

Harufu ya makumbi yanayofukuliwa matopeni haina adabu, wala haipigi hodi. Asubuhi wanawake wanapofungua mashimo yao kule kwenye mikoko, upepo ukigeuka kidogo tu, harufu inaingia darasani kwangu na kupita katikati ya madawati, na wanafunzi wangu wanaziba pua huku kila mmoja akimshuku jirani yake. Mimi sizibi. Navuta pumzi mpaka chini, kisha navuta tena kuhakikisha. Harufu hiyo ndiyo harufu ya kisasi changu cha kwanza, na nyinyi mnaosoma siwafichi: mpaka leo bado kitamu.

Kwa msiokulia penye minazi, kumbi ni lile ganda la nje la nazi. Unalifukia kwenye tope la bahari miezi mingi hadi lioze vizuri, unalifukua, unalitwanga kwa gongo, unalianika, na kinachobaki ni nyuzi za rangi ya kutu. Nyuzi hizo unazisokota juu ya paja lako kwa kiganja, na hiyo ndiyo kamba. Kijijini kwetu, upande wa Namoto, kila nyumba ilikuwa na mtu wa kusokota, na kila paja la msokotaji lilikuwa na sehemu isiyoota nywele.

Eskola, shule yetu, nayo ikawa na somo la ofisio, yaani kazi za mikono, kila sesta, siku ya Ijumaa, baada ya mapumziko. Aliyetufundisha ni Profesora Lurdes, ambaye alitufundisha mambo yote mengine pia. Nitamsema vibaya, kwa hiyo nifanye kama ninavyofanya sokoni: kwanza nimsifu, ndipo nimshushe bei. Hakupiga. Wenzake walikuwa na fimbo zenye majina, yeye hakuwa hata na kijiti. Alinukia sabuni, aliongea polepole, na mtoto akikwama alikuja, akainama, akasema, "Lete, mwanangu, nikumalizie."

Alimaliza kila kitu. Hesabu ikikushinda katikati, alimaliza. Herufi ikikupinda, alikushika mkono akaandika kwa mkono wako. Alimalizia vikapu, alimalizia hadithi tulizotakiwa kusimulia wenyewe. Turma yetu, darasa letu, ilikuwa na kazi safi kuliko turma zote, na ndani yake hapakuwa na mtoto aliyejua kitu.

Sasa, mimi ni wa mkono wa kushoto. Nyumbani walinihamishia sahani mkono wa kulia, chuoni, kwenye Kurani, wakahamisha kalamu, na nikakubali yote hayo kwa amani. Lakini paja halikuwa na sheria. Nilipokaa kusokota, kiganja kilichokwenda pajani ni cha kushoto, na hakuna aliyesema neno. Profesora Lurdes alinitazama, akashusha pumzi kama anayemtazama mbuzi wa miguu mitatu, akaniacha nifike nusu. Kisha, "Lete, mwanangu, nikumalizie." Akaiweka kamba yangu juu ya paja lake la kulia, na nusu iliyobaki akaimaliza yeye.

Mwisho wa muhula, sabado, siku ya Jumamosi, wazazi waliitwa. Kila kamba ilipimwa kwa kuvutana, watoto huku na watoto kule, na ile ambayo ingeshinda zote ingefungwa ndoo ya kisima cha eskola. Hiyo haikuwa zawadi ndogo. Kijiji kizima kingechota maji kwa kamba yako na kukutaja. Nami, bila aibu, nilishajiona nikitajwa.

Yangu ilikatika hata kabla hawajavuta sawasawa. Nilianguka chali, miguu juu, mbele ya mama yangu.

Sufo alikuwa upande wa pili. Sufo alikuwa jirani yetu, mdomo mkubwa kuliko mwili. Akaokota kipande akakinyanyua watu wote wakione.

"Atija, hii umesokota kamba au tambi?" akauliza. "Mpe mama'ko aipike na nazi."

Walicheka mpaka wazee. Hilo ningelimeza, maana Sufo nilikuwa namjua bei yake. Nisichoweza kumeza ni kilichofuata. Profesora Lurdes alikuja, akaniinua, akanipangusa mchanga, akamgeukia mama na kusema kwa sauti yake ileile laini, "Msimgombeze. Maskini, mkono wake ndivyo ulivyo. Muhula ujao nitampa kazi nyepesi, atakuwa anafagia."

Na mama akamshukuru.

Nilikuwa nimeshaitwa mengi hadi umri ule. Mkorofi, mdomo wa samaki chuchunge, mtoto asiyesikia. Majina yale yote yana heshima ndani yake, yanakubali kwamba wewe ni mtu wa kuhesabiwa. Maskini halina. Maskini ni jina la kitu kilichokwisha. Pale pale, mchanga ukiwa bado nyweleni, nikaweka nadhiri: huyu mwanamke atachota maji kwa kamba yangu. Kila asubuhi. Kwa mikono yake hiyo hiyo laini.

Niliokota vipande vyangu nikaenda navyo nyumbani, nikaketi navyo nyuma ya jiko. Nilitazama palipokatika. Upande mmoja msokoto ulilala huku, upande wa pili ulilala kule, na katikati nyuzi hazikushikana kabisa, zilikaa sambamba kama watu wasiosalimiana. Mimi si mtu wa kuamini jambo mara moja. Nikaenda kwenye kamba ya kuanikia nguo, niliyoitengeneza eskola muhula wa nyuma, nayo ilikuwa imemaliziwa na Profesora. Nikaifuata kwa vidole. Katikati, msokoto uligeuka, na hapo kamba ilikuwa laini kama pamba.

Mkono wangu ulisokota kwenda upande wake, mkono wake ulisokota kwenda upande mwingine. Palipokutana mikono miwili hapakuwa na msokoto hata kidogo. Kwa maneno mengine, kamba yangu haikuuawa na mkono wangu. Iliuawa na msaada.

Kumwambia ningeweza. Lakini mtu akishakuita maskini, humpelekei maelezo, unampelekea kamba.

Tatizo lilikuwa makumbi. Shimo lilikuwa la bibi yangu, na bibi hakuwa mtu wa kutoa kitu bure, hata kwa damu yake. Nilimkuta anatwanga.

"Bibi, naomba makumbi."

"Ya nini?"

"Ya kusokota."

"Na mimi haya natwanga ya kupika?"

Tulivutana mpaka adhana ya alasiri. Mwisho tulikubaliana: nitwange yake yote, na katika kila rundo nichukue konzi yangu, konzi ya mkono wangu na si ya mkono wake, hilo alilirudia. Nilimwomba basi anioneshe namna ya kuunganisha nyuzi mpya. Akasema hilo halikuwemo kwenye makubaliano. Akaendelea kutwanga, nami nikaiba kwa macho, kwa kuwa macho hatukuyazungumzia.

Ya kwanza ilitoka na matumbo kama nyoka aliyemeza panya. Nikaifumua. Ya pili ilikuwa nyembamba pale nilipochoka na nene pale nilipokasirika, unaweza kusoma siku yangu yote humo. Nikaifumua. Paja liliwaka, kiganja kikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, na maji ya chumvi nikiyagusa nilikuwa namtaja Profesora Lurdes kwa jina. Watu husifu subira kama kitu cha upole. Yangu haikuwa na upole wowote. Kila jioni niliketi na uzi na hasira, na nikigundua kwamba hasira imelegea, nilijikumbusha neno lile moja, ikakaza.

Darasani nilimpa chambo. Nilimwomba nisifagie, akanihurumia, na kila sesta nilisokota kikamba kibovu kwa uvivu, yeye akakimalizia kwa furaha. Akaniambia naendelea vizuri. Nikamshukuru, "Obrigada, profesora," macho chini.

Sabado ya muhula uliofuata nilitoa kamba yangu chini ya kitenge cha mama. Sufo alipoiona alianza kutafuta neno la tambi, lakini alipoishika akaliacha, maana mtoto wa pwani hudanganya kwa mdomo, si kwa viganja. Wakavuta. Wakaongeza watu. Sufo akavuta mpaka akaburuzwa kwa magoti. Kamba ikalia, ikanyooka, ikakaa.

"Ya nani hii?" Profesora aliuliza.

"Yangu."

Akaja karibu. Akaipitisha vidoleni, akatabasamu, akauliza, "Nani alikusaidia?"

"Hakuna, profesora."

"Bibi yako?"

"Bibi hakuwa na nafasi."

Wazazi wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza tena, taratibu, kama mtu aliyepoteza ufunguo, "Lakini nani alikumalizia?"

Nikamwambia hakuna, na nikaongeza sauti kidogo, mama asikie.

Segunda, Jumatatu yake, niliwahi eskola kabla ya kengele, nikakaa kwenye ukingo wa kisima. Akaja na ndoo yake. Akashika kamba yangu, iliyokwisha kufungwa ndoo ya kisima, akavuta. "Maji yanakujaje leo, profesora?" nikamwuliza. Kesho yake nikauliza tena. Niliuliza muhula mzima, kwa adabu kamili, na nyinyi mkisema nilikuwa mtoto mbaya sitabishana.

Leo mimi ndiye profesora. Mtoto akikwama, naweka mikono nyuma ya mgongo na kuifunga vidole, maana mikono ya mwalimu ina njaa yake. Wazazi wananiita mgumu. Mmoja aliniuliza mshahara ninalipwa kwa kazi gani, kama watoto wanahangaika wenyewe.

Mwaka huu nina msichana, Rabia, ambaye kusoma mstari mmoja kulimchukua tangu mvua mpaka kiangazi. Nilikaa naye, sikumtajia neno hata moja, na mara ngapi niliung'ata ulimi nisiseme. Siku alipoufikisha mwisho peke yake, niliinama nipokee furaha ya uso wake. Hakunitazama. Alimgeukia rafiki yake wa dawati akamsomea tena, kwa majivuno, na mimi nikabaki nimeinama pale bila kazi. Nikahisi nimenyang'anywa kitu.

Hapo ndipo nilipomwelewa Profesora Lurdes, na swali lake la nani alinimalizia. Hakuwa akiniuliza habari zangu. Alikuwa anauliza, kama hakuna aliyenimalizia, yeye alikuwa pale kwa ajili ya nini. Ni swali linalouma, nami sasa nalijua linapouma.

Kumwelewa, nimemwelewa. Kumsamehe ni bei nyingine, na hapo bado sijashuka.