Vitambaa Vyeupe Ukingoni

Mume wangu alichukuliwa na maji kiangazi, wakati ambao Ruvuma haina haki ya kumchukua mtu. Tulikuwa kwenye mchanga wa katikati ya mto, chini ya Mahurunga, tunamwagilia nyanya. Mvua haikuwapo hata ya kulowesha vumbi. Maji yakaja yamesimama kama ukuta. Mimi nilikamata mzizi wa mkuyu. Yeye alikuwa amerudi kufuata ndoo. Hakuonekana tena, wala mwili wake. Matanga tuliweka, kaburi hatukuwa nalo.

Watu husema ni kazi ya Mungu. Mungu msimsingizie. Wa kwanza wa kulaumiwa ni wakubwa wa bwawa la umeme huko juu, waliofungua milango kwanza, simu wakapiga baadaye. Wa pili ni mwenyekiti wetu. Alipewa kipaza sauti cha kututangazia hatari, siku hiyo kilikuwa Kilambo, kwenye harusi ya mwanawe, kinapiga muziki.

Tena bwawa halikuua watu tu. Maji yakifunguliwa na kufungwa wanavyotaka wao, kingo zilibomoka, matete yakaenda na udongo, viboko wakakosa pa kulala na pa kula. Wakahamia kwenye mihogo yetu, nasi tukawapokea kwa mikuki. Ndipo wakaja watu wa mradi wa mazingira na miche. Acheni ukanda wa ukingoni bila kulima, walisema, pandeni matete na mikuyu, viboko watarudi kwao. Kila mtu aliitikia, akala pilau ya mkutano, akaenda zake. Watu wa mradi nao wakaenda zao, mpaka leo.

Nikabaki mimi. Si kwamba nawapenda viboko. Nilitaka kitu kimoja tu kati ya vile walivyoviharibu wenye bwawa kirudi, nikione kwa macho yangu. Nikaipanda miche yao, nikachana mifuko myeupe ya salfa, dawa ya mikorosho, kila mche nikauchomekea kijiti chenye kitambaa, jembe lisije likaukata.

Matete yalipofika kiunoni, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja na wenzake na mapanga. Walitaka kufungua shamba la mpunga pale.

"Shemeji, umefuga pori! Au umepata mchumba mwenye meno makubwa?"

Wakacheka.

"Bora huyo," nikamwambia. "Anakula majani, halalamiki mboga haina chumvi."

Wakacheka zaidi, na mapanga wakayainua. Halafu mmoja wao, fundi baiskeli, akasimama.

"Jamani, kitambaa cheupe kile."

"Na kile pale," akasema mwingine.

Huku kwetu kitambaa cheupe kwenye kijiti ni mahali alipolala mtu, ni mahali pa dua. Hapashikwi na panga. Shemeji alinigeukia, kicheko kimemtoka usoni.

"Shemeji. Ulimpata?"

Neno moja lingetosha. Mifuko ya salfa, ningesema, na matete yangelala chini kabla ya adhuhuri. Niliyatazama yale matete. Nikainamisha kichwa.

Akavua kandambili zake. Wote wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Alipomaliza alikuwa analia.

"Kwa nini hukuniambia? Kaka yangu unamzika peke yako, kama mbwa?"

Tangu hapo hakuna aliyekata hata tete moja. Ila wanawake waliokuwa wakipita kwangu kwenda kuteka maji, wakiniachia maneno na vicheko, sasa wanazunguka njia ya mbali. Idi hii hakuna aliyeniletea sahani, na niliyopeleka mimi ilirudi na kawa lake, haijaguswa. Shemeji huja kila Ijumaa baada ya sala. Anasimama mbali, anaomba, anaondoka. Salamu hanipi.

Ijumaa iliyopita alipokuwa anaomba, matete yalitikisika, kiboko jike akajitokeza kunywa maji, na mtoto wake nyuma, mdogo, ngozi inang'aa. Wa kwanza kuzaliwa ukingoni kwetu tangu maji yale. Shemeji alikuwa amefumba macho.

Nilitaka kumwita. Nilishafungua mdomo. Lakini akija kuangalia, atasogea mpaka kwenye vijiti, na ataona kila kijiti kina mche wake, na kwamba pale chini hakuna mtu.

Nikamwacha amalize dua. Akajipangusa uso, akapita karibu na mlango wangu bila kugeuka.