Ukurasa wa Sita

Wakuu watano nimewaona wakiingia na kutoka, na mimi nipo pale pale, chumba namba saba, nafundisha lugha ya kigeni. Kila anayekuja hubadilisha kibao. Tulikuwa Idara ya Lugha, tukawa Kituo cha Mawasiliano, sasa eti ni Kitovu cha Umahiri. Umahiri wa nini? Choo cha ghorofani hakina maji mwaka wa tatu huu.

Kisha hutudai kila mwalimu mpango wa mageuzi. Wangu niliuandika enzi za mkuu wa kwanza; tangu hapo nabadilisha jalada na tarehe tu. Wote wamenisifu. Hakuna aliyefika ukurasa wa pili.

Huyu wa tano tunamwita Mzee wa Dira, maana hamalizi sentensi bila kuitaja dira. Debe tupu haliachi kuvuma. Siku moja kaja namba saba na fundi wa mazulia, wanapima sakafu.

"Mwalimu, hapa patakuwa sebule ya wageni wangu. Wanafunzi wako tutawaunganisha na wengine, mia na ishirini, ukumbini. Ndiyo dira."

Ukumbini! Lugha si hotuba. Mimi huchukua kumi na wawili, tunakaa duara, na hatoki mtu bila kusema kitu. Nina binti mmoja, wenzake wanamwita Bubu. Miezi miwili hakufungua kinywa, na wiki ile ndiyo kwanza alikuwa amesema sentensi nzima, huku anatetemeka. Mpeleke ukumbini, umemzika. Niliumia, nasema kweli.

"Sawa, mkuu," nikamjibu. "Na mpango wa mageuzi je?"

"Niletee kesho. Ijumaa nina baraza la chuo."

Nikampelekea. Ule ule, jalada la bluu, dira nimeichomeka mara nne ukurasa wa kwanza.

Wifi yangu ndiye anayeandika kumbukumbu za baraza. Ijumaa jioni alikuja kwangu anacheka hadi machozi. "Wifi wewe! Umemfanya nini mtu wa watu?"

Kumbe mtu mzima hovyo alifuta jina langu, akaweka lake, akagawa nakala. Mwenyekiti, mama mmoja mkali, hakimu mstaafu, akasoma kila ukurasa. "Ukurasa wa sita," akasema, "unataka madarasa ya mazungumzo yasizidi wanafunzi kumi na wawili, chumba namba saba, na chumba kisigeuzwe kwa matumizi mengine. Nimependa. Unaanza lini?"

Mzee wa Dira akafunua ukurasa wa sita. Angesema nini, kwamba hajausoma mpango wake mwenyewe? "Mara moja, mwenyekiti." Baraza likapitisha. Bwana mkubwa kaingia mkenge, na mie sikumwonea huruma hata chembe.

Jumatatu, katikati ya somo, mlango ukafunguliwa bila hodi. Ni yeye, kafuata zulia lake, ambalo fundi alikuwa ameshalitandika kabla ya baraza. Kabla sijasema neno, Bubu akasimama, viatu vyake juu ya zulia, na kwa lugha tunayojifunza akamwambia polepole, bila kutetemeka: tuko darasani, tafadhali subiri nje.

Mkuu wa Kitovu cha Umahiri hakuelewa hata neno moja. Akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya kwa kila karatasi.

"Hongera sana," akasema.

Nikamfungia mlango.