Nilipomleta Chifu Kingstanding

Kila Jumamosi shemeji yangu alikuwa na zamu ya mchana hospitalini, nami nilikuwa na mapumziko kutoka karakana ya Hockley, kwa hiyo nilikuwa nakaa na kaka yangu nyumbani kwao Kingstanding, mtaa wa Birmingham, Uingereza. Akili yake ilikuwa imeanza kumponyoka. Mambo ya juzi yalipotea, ya utotoni yakabaki. Daktari alishauri awe anasomewa.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine niliyatafuta maktabani, rafu moja baada ya nyingine, bila kuruka. Wakati huo nilikuwa nimefika historia ya Marekani, na kitabu nilichoazima kilimhusu jambazi aliyetajirika miaka ile serikali yao ilipopiga marufuku pombe. Kiingereza kilikuwa kimemtoka kaka, kwa hiyo nilisoma ukurasa kimya, kisha nikamsimulia kwa Kiswahili.

Nilitaka aelewe. Wiski ya magendo nikaiita chang'aa, ile pombe kali iliyopikwa kwa siri kwetu Kenya. Polisi wala hongo nikawafanya askari wa chifu, waliokuwa wakiwasaka wapika pombe kwetu. Maghala ya jijini yakawa vichaka vya kando ya mto. Kila neno nililipima, nikaona linafaa.

Kwa wiki kadhaa alifurahi kuliko nilivyomwona mwaka ule wote. Jambazi alipoanza na pipa moja, kaka alicheka. Jambazi alipowapelekea wajane chakula, kaka alisema huyo ni mjanja, anajua kufunga midomo ya watu. Shemeji aliniambia hata usingizi wake ulikuwa umetulia.

Kisha tukafika sura ya misako. Nikasimulia kama nilivyozoea: askari wa chifu wakavunja mlango, wakapasua mitungi. Nilipanda juu chooni, na niliposhuka nilimkuta jikoni, kwenye sinki. Alikuwa amemwaga maziwa, mafuta ya kupikia na sharubati, na sasa alikuwa anamwaga dawa yake.

"Mwaga upesi, mdogo wangu," akasema. "Mama bado yuko ndani."

Mama alitulea kwa kupika na kuuza chang'aa. Siku alipokamatwa mimi nilikuwa mgongoni mwake, tukaenda wote mahabusu. Habari hiyo nimesimuliwa tu. Kaka ndiye aliyeona. Ndiye aliyeachwa mlangoni peke yake.

Nilirudisha kitabu. Haikusaidia. Kila basi liliposimama nje, alichungulia dirishani. Nilimweleza kwamba hapa ni Birmingham, hakuna chifu, na kwamba jambazi yule alikuwa Mmarekani, aliyekufa zamani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza habari za Mama. Nikisema alikamatwa, alilia. Nikisema alitoroka, alijibu kwamba basi bado wanamsaka, akaelekea jikoni. Mara moja nilimwambia ukweli, kwamba Mama alitoka, akazeeka, akafia kitandani mwake. Aliomboleza siku nzima, na shemeji akaniomba nisirudie.

Dawa zikafungiwa kabatini. Mimi niliendelea kwenda, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Jumamosi moja alinipokea mlangoni, amevaa koti na viatu.

"Wamemwachia?"

"Bado, kaka."

Alirudi sebuleni, akasogea kwenye kochi ili nipate nafasi, tukakaa kumngoja.