Daraja Lililokatazwa Kusemwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mke wangu Kanana huwasimulia wageni kila wakija, na leo nitakusimulia mwenyewe kabla hajaanza, kwa sababu yeye huongeza chumvi. Nimesikia umefanywa naibu wa chifu, na kwamba tayari umewatoa watu kadhaa kwenye lile grupu la simu la lokesheni yenu, eneo unalosimamia, kwa kuulizia transfoma ya stima. Kaa hapa kidogo.

Mimi nilikuwa karani wa chifu, huku juu ya Githongo, nikiwa na miaka ishirini na minne na suruali moja ya maana. Kazi yangu ilikuwa kuandika maswali ya wananchi kabla ya baraza, ili mkubwa akija kutoka wilayani asikie yale ya kupendeza tu. Mengine niliyapiga mstari. Niliipenda sana ile kalamu nyekundu, nakuambia ukweli.

Tulikuwa tumejengewa daraja la mbao la kwenda ng'ambo ya mto, na mkubwa mwenyewe alikuwa amelikatia utepe. Hazikupita wiki nyingi, nyanya yake Kanana, aliyelivuka kila siku na kahawa mgongoni, akasimama barazani bila swali lake kuandikwa na mtu, akasema ubao wa katikati umeoza. Wakati huo nilikuwa namchumbia Kanana. Kijana mwenye akili angemwitia fundi. Mimi nilimwambia akae chini, nikatangaza kwamba daraja la serikali haliozi, na yeyote atakayelisema vibaya, popote pale, jina lake litaandikwa kwa uchochezi. Chifu aliitikia kwa kichwa. Nyanya akakaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja, na mimi nikadhani limepona.

Kumbe watu walikuwa wakivukia kwenye mawe kule chini. Sikujua, kwa kuwa mimi nilipita barabara kubwa na baiskeli ya chifu.

Mwezi uliofuata tulipeleka mahari. Unajua kwetu asali ndiyo hufungua mazungumzo. Bila asali hata ng'ombe wako hawaulizwi wamefikaje. Kibuyu cha asali nilikibeba mwenyewe, maana baba yangu mdogo alikuwa na mazoea ya kuonja. Yeye nilimpa kamba ya kondoo dume. Tulipofika darajani kondoo alikataa kukanyaga. Ndiye pekee katika msafara wetu ambaye hakuwa amehudhuria baraza. Ng'ambo, jamaa zake Kanana walikuwa wamejipanga kutupokea, macho yamewatoka, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikafikiri ni heshima. Nikatangulia.

Ubao wa katikati ukavunjika, nikaangukia maji ya kifua. Kibuyu kilipasukia kwenye jiwe na asali ikaenda na mto. Baba mdogo akapaza sauti kuwauliza kwa nini hawakutuonya, na mama mmoja akamjibu kwa upole, "Karani alisema tukilitaja tutaandikwa."

Niliketi mbele ya wazee nimefungwa blanketi la nyanya, meno yakigongana. Baridi haikunitisha. Niliogopa kumkosa Kanana, maana alikuwa ananitazama kama mtu anayefikiria upya. Nyanya ndiye aliyesema.

"Karani, huyu mtoto akiolewa kwako akaona nyumba inavuja, atakuambia, ama ataogopa kuandikwa?"

Nilitamani kurudi mtoni. Akaniambia nije na asali nyingine siku nitakapokuwa nimesoma mbele ya watu maswali yote niliyoyapiga mstari.

Niliyasoma, mwanangu, barazani, mkubwa akiwa ameketi pale pale. Yalikuwa maswali ya kawaida kabisa: daraja, dawa za zahanati, mwalimu asiyeonekana darasani. Nilipomaliza hakuna serikali iliyopinduka. Mkubwa aliandika, na ubao ukabadilishwa. Chifu naye akanibadilisha mimi. Nikarudi shambani kwenye kahawa, nikapeleka asali, na Kanana amekuwa akiniambia makosa yangu tangu hapo, asubuhi na jioni, bila kuomba kibali.

Sasa nisikilize. Anayewaita watu wachinjane, huyo sheria imshike, simtetei. Anayesema uongo, mjibu kwa ukweli, tena hadharani. Lakini anayekusumbua kwa jambo la kweli, hata akiwa na domo refu, hata akikuchoma roho, usimnyamazishe. Ukimnyamazisha, shida yake inabaki pale pale, ila wewe ndiye hutaijua. Na usidhani watu wakinyamaza wamekuheshimu. Mimi nilidhani hivyo, nikaaibika mbele ya wakwe. Warudishe uliowatoa, leo hii, na uwajibu habari ya transfoma.

Mungu akukuze katika kazi yako, akupe afya na nyumba yenye kelele, na popote utakapopewa kiti, akupe watu wasiokuogopa.