Kitufe cha Jana

Eufrazia Nandonde hakuwa mtu wa kelele. Pale Buguruni, kwenye karakana alikokuwa akichapa fulana za misiba, za semina na za timu za mitaani, walimjua kama mama mpole anayekula chakula chake pembeni na kurudi kazini kabla ya wenzake. Basi Jumamosi ile alipotoka saa nne asubuhi bila kuaga, kompyuta kwapani, mwanawe Jesca kamshika mkono, wenzake walibaki wanatazamana. Alikuwa amekasirika. Alikuwa na haki, tena alichelewa kukasirika.

Jesca ana miaka tisa na hasikii. Homa ilimpata akiwa na miaka miwili ikaondoka na masikio yake, akili ikamwachia yote. Shuleni kwao Temeke kuna kitengo cha viziwi, na huko mtoto alipata maneno, maneno ya mikono, akawa msemaji hasa. Shida ilikuwa nyumbani. Bibi yake, Demetria, ambaye Jesca alishinda kwake kila akitoka shule, alijua ishara tatu tu: kula, lala, njoo. Mashangazi ndio kabisa, wao walipaza sauti, kama vile masikio yamezibwa na pamba.

"Mpige video tutajifunza," walisema. Eufrazia alijaribu. Kila aliyetumiwa alimtazama mtoto usoni, akasema "masikini jamani," akaifunga. Neno hilo masikini lilimchoma Eufrazia kuliko tusi.

Ndipo ikaja Kibao. Hiyo ni programu ya kompyuta ya kuwafundisha watoto kuchora kwa amri fupi fupi: mstari uende huku, duara ligeuke, rangi ibadilike. Vijana wa kujitolea waliileta shuleni. Jesca akagundua kwamba ukichora mkono picha baada ya picha, kisha ukazipitisha haraka, mkono unatembea, na mkono ukitembea unasema. Hapo hakuna uso wa kuonea huruma. Kuna neno tu.

Lakini kila picha mpya ilianza kwenye ukurasa mweupe. Ile iliyotangulia ilipotea, mtoto akachora kwa kukisia, mkono ukawa unarukaruka na vidole vinafika sita. Eufrazia alipoona hivyo aliijua dawa yake siku hiyo hiyo. Kazini kwao rangi ya pili haichorwi bila kuiona ya kwanza. Unalaza karatasi angavu juu ya mchoro, juu ya meza ya kioo yenye taa chini, unaona ulikotoka ndiyo unaendelea. Akatafuta kitufe cha namna hiyo kwenye Kibao, hakipo. Akawaandikia wenye programu, wakamjibu kwa heshima zote kwamba wanaoanza hawahitaji mambo hayo, yatawachanganya.

Wanaoanza! Akaamua kujifunza mwenyewe. Miezi minne aliyapoteza mapumziko yake ya mchana akiandika amri kwenye kompyuta ambayo kifuniko chake kilishikwa na raba bendi. Mama yake aliposikia kwamba binti anaandika "kodi", jina la amri hizo, aliwatangazia majirani kuwa ameajiriwa na watu wa mapato. Eufrazia alikosea, akafuta, akakosea tena, na siku moja akabonyeza, na picha iliyotangulia ikabaki chini ya mpya, hafifu, inaonekana vizuri. Jesca alipoiona alitupa kiganja chake nyuma ya bega. Kwa mikono yake hiyo ni jana. Basi kitufe kikaitwa Jana.

Na Jana ilifanya kazi ambayo hata aliyeitengeneza hakuitegemea. Bibi Demetria hakuwa na macho ya kuufuata mkono unaokimbia. Sasa aliisimamisha picha kwenye simu yake, akautazama mkono hafifu, akautazama mkono uliokolea, akaona umetoka wapi na umepita njia gani, akaiga. Mwezi mmoja akawa na maneno ishirini na kitu. "Eufrazia, leo kaniambia mwalimu wao kanyoa upara!" alipiga simu kusema, anacheka kama msichana.

Wenye Kibao waliipokea kazi hiyo wakaiingiza kwenye programu. Toleo la Kiswahili lilikuwa mikononi mwa Usama, kijana nadhifu wa Kinondoni, mtoto wa watu wa maduka ya vitambaa, mwenye adabu zake. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu: "Sista, we mkali! Hongera sana." Wiki nzima Eufrazia alitembea kichwa juu.

Kisha likaja toleo jipya, bila hodi, likajiweka lenyewe kwenye kompyuta ya shule. Jana haimo. Mahali pake pameandikwa Kamilisha. Chora picha ya kwanza, chora ya mwisho, bonyeza, mashine inakuchorea zote za katikati.

Jesca alifurahi, kwani mtoto gani anakataa mteremko? Alasiri moja alichora maneno ya wiki nzima. Akachora "tumbo linauma": mkono kifuani, mkono tumboni, Kamilisha. Bibi akatumiwa, mtoto hata hajaitazama tena. Sasa, katika lugha ya Jesca mkono ukitoka kifuani sharti uzunguke mara moja mbele ya kitovu ndipo utue. Ukishuka moja kwa moja, hilo ni neno jingine kabisa. Hilo ni "nimeshiba". Mashine itajuaje? Ilishika njia ya mkato.

Jumatatu mtoto alikula wali kwa bibi yake, akamaliza, akasema nimeshiba. Bibi, aliyejifunza kwa bidii zake zote, akasoma tumbo linauma. Akachemsha mwarobaini, akambana mjukuu wake pua, akamnywesha. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo, tena kwa fahari, maana sasa anaelewana na mtoto. Na mtoto hakujua shibe imekuwa kosa tangu lini. Alhamisi alikula mpaka akatapika ili asilazimike kulisema neno hilo. Kisha akaikalia mikono yake, akanyamaza. Akamnyamazia bibi, akamnyamazia na mama. Siku kumi na moja nyumba ile haikupata neno lake hata moja.

Eufrazia alipomuuliza mama yake kilichotokea, Demetria alimwonyesha simu huku analia. "Si wenyewe mmenitumia hii?" Eufrazia akautazama ule mkono unashuka wima, laini, unapendeza, na uongo mtupu.

Ndiyo maana alifika Kinondoni anatoka jasho. Jumamosi vijana wa Kibao walikuwa kituoni kwao, viyoyozi vinavuma, watu sita na kompyuta zao. Usama alisimama. "Karibu, Mama Jesca! Ungeniambia unakuja."

"Kitufe changu kiko wapi?"

"Aah, Jana? Tumekiboresha, sista. Watoto walikuwa wanahangaika na zile picha za katikati, tukaona tukurahisishie."

"Umenirahisishia?" Sauti ilimtoka ambayo hata yeye hakuijua. "Hizo za katikati ndiyo maneno yenyewe, Usama! Kifuani na tumboni kila mtu anavyo. Neno lipo njiani. Umemfutia mwanangu njia, ukamwachia vituo viwili!"

Akamweleza yote, mwarobaini, matapishi, siku kumi na moja. Usama alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Kisha akaharibu kila kitu. "Pole sana. Sie tutaliweka kwenye mapendekezo. Toleo la mwakani, inshallah."

Eufrazia aliipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Mwanangu anyamaze mpaka mwakani?"

Akaifungua kompyuta yake mbele ya Usama. Humo alikuwa amelihifadhi toleo lile la zamani. "Kaa hapa, mdogo wangu. Chora tumbo linauma. Picha saba. Mkono unazunguka mbele ya kitovu, ndiyo unatua."

"Sista, mie sio mchoraji."

"Wala mwanangu hakuwa. Chora."

Akakaa, labda kwa aibu, labda kwa hofu tu. Jesca alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono kaikalia, macho kwenye vigae. Usama akachora picha ya kwanza, akabonyeza Jana, akachora ya pili, na ya tatu. Ya nne alisahau. Mkono wake ulishazoea mteremko, akaupeleka moja kwa moja tumboni. Eufrazia alifumbua mdomo ampigie kelele, ndipo akasikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu.

Jesca alikuwa amesimama. Akaenda mpaka kwa Usama, akakishika kifundo cha mkono ulioshika mausi, akauvuta pembeni kwa nguvu zake zote, akauzungusha. Usama aligeuka anashangaa. Mtoto akamwachia, akarudi nyuma hatua moja, na mikono yake yote miwili ikafunguka mbele ya uso wa yule kijana, kasi, makali, paji la uso limekunjamana, neno juu ya neno.

"Anasema nini?" Usama aliuliza.

Eufrazia alikuwa analia na wala hakuyafuta machozi.

"Anakutukana," alisema. "Na hajamaliza. Wewe chora."