Meno ya Motere

Wiki iliyopita binti yangu alirudi nyumbani na kitoto cha mbwa ndani ya sweta yake ya shule. Asubuhi za Butembo zina baridi, na kile kiumbe kilikuwa kimejikunja tumboni mwake kimetulia kabisa. Kabla ya jioni kilikuwa kimemng'ata vidole, kimepasua soksi ya ndugu yake, na kimemfukuza kuku wa jirani mpaka juu ya paa la choo. Wanawake wa lupango letu, ua tunaoishi pamoja, wakaanza kutoa mashauri. Mupige ku pua. Mupake pilipili mu kinywa. Mufunge kamba. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, ugali ukishika chini ya sufuria, na machozi yakinitoka. Wakadhani ni moshi wa makaa.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hao wanawake sikuwaeleza.

Nilikulia Beni, huku mashariki ya Kongo, mtaa wa Bungulu, katika lupango la mama yake baba. Tulimwita Koko, kama watoto wengi wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Mama yetu alikufa mdogo wangu akiwa bado wa mgongoni, na baba alishinda gereji chini ya magari ya watu, kwa hiyo waliotulea hasa ni Koko na kazi zake. Kazi zilikuwa nyingi. Tulichota maji kwa bidoni za njano, tulitwanga sombe, majani ya muhogo, tulianika kakao juu ya turubai na kuigeuza kwa miguu mpaka nyayo zinuke kama pombe. Harufu hiyo ya kakao inayochacha, pamoja na mafuta ya mawese yanayochemka, ndiyo Beni yangu. Koko alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, na nyimbo zilimtoka hata akichambua maharage.

Mjomba wetu alikuwa dereva wa lori. Aliteremsha viazi na maharage kutoka Kirumba na Lubero, akapitia Butembo, akafika kwetu akiwa mweupe kwa vumbi. Siku moja alishusha kikapu, na ndani yake, kati ya viazi, kulikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya mazito ya nchi ya baridi.

"Iyi imbwa haichoke," alisema. "Tangu Lubero inaluma viti bya gari. Ni motere kabisa."

Jina likabaki hilo, Motere. Na kweli alikuwa injini isiyo na breki. Meno yake yalikuwa membamba kama miiba ya ndimu. Aling'ata vifundo vya miguu yetu chini ya meza, alining'inia kwenye kikwembe cha Koko, kitenge alichojifunga, akiburuzwa huku na huku, alikula kiatu changu cha shule, kimoja tu, jambo lililouma kuliko kama angekula vyote viwili. Jua likianza kushuka ndipo alipopandwa na wazimu wake. Alizunguka nyumba mbio, akapita katikati ya turubai, kakao ikaruka kama mvua ya mawe, akarudi kutafuta mkono wa kung'ata.

Mjomba akasema apigwe. Mama mmoja wa kwaya akaleta pilipili kwenye jani. Koko aliipokea kwa adabu, akasema wasingya, asante kwa Kinande, akaitia kwenye mchuzi.

"Mukono yenye inapiga na mukono yenye inapana chakula ni mukono moya," alituambia. "Imbwa itajua je ile yenye inakuya? Itaogopa yote. Na imbwa yenye kuogopa, ile sasa ndiyo inaluma kweli."

Dawa yake ilikuwa moja, na ilituchosha sisi kuliko ilivyomchosha mbwa. Motere aking'ata, unasema "Aï!" mara moja, unakunja mikono kifuani, unamgeuzia mgongo na kunyamaza. Hakuna kukimbia, hakuna kupiga kelele, hakuna kucheka. "Ikiluma, muchezo umekufa," alisema Koko. Akiacha, mchezo unafufuka, na anapewa kitu chake halali cha kutafuna: gunia kuukuu lililofungwa fundo. Mdogo wangu alikuwa hawezi. Alicheka kila mara, na kila mara aling'atwa.

Kisha kulikuwa na usingizi. Koko alisema mtoto aliyekosa usingizi analia, na mbwa mdogo aliyekosa usingizi anang'ata, ni kilio kilekile. Mchana alimweka ndani ya kile kikapu cha viazi nyuma ya jiko na kutukataza kupita pale. Asubuhi alikwenda naye shambani, kwenye kakao zetu pembeni ya mji, akamwacha akimbie mpaka ulimi uning'inie. Wazimu wa jioni ukaanza kupungua.

Lakini kabla meno yake hayajatulia, yalitugonganisha na jirani.

Jirani yetu alikuwa Mwislamu, mwenye lori na duka la vitenge, mtu mwenye heshima zake. Watoto wote tulimwita Papa Hadji. Ijumaa moja alipita mlangoni petu akienda msikitini, kanzu nyeupe kama maziwa, na Motere akachomoka, akaukamata upindo wake na kuuvuta kwa furaha yote. Sisi tuliganda. Papa Hadji alisimama akiitazama ile kanzu iliyolowa mate.

"Mama, mimi nakueshimu," alimwambia Koko aliyekuja mbio. "Sina chuki na munyama. Lakini iyi mate, kwetu, lazima nirudie kunawa na kubadirisha manguo. Sala itanipita."

"Nisamehe, muzee. Nipe tu siku kidogo. Itajua."

"Itajua je? Ni imbwa!"

Koko akaichukua kanzu aifue kwa mikono yake, mara nyingi kadiri mke wa Papa Hadji alivyomwelekeza, na tangu siku hiyo kila Ijumaa alikaa mlangoni na Motere kwenye kamba fupi. Kanzu ikipita, mbwa akiruka, Koko alimgeuzia mgongo. Akikaa chini, alipewa kipande cha samaki mkavu. Tulikula sombe bila samaki Ijumaa nyingi kwa ajili ya kanzu ya watu. Na ikafika siku ambapo Papa Hadji alipita, na Motere akakaa mwenyewe, mkia ukifagia vumbi, macho kwa Koko. Papa Hadji aliangalia mbele, akapita, kisha bila kugeuka akasema, "Jambo, Motere." Koko alicheka hadi akajifuta machoni kwa kilemba.

Motere akakua, akawa mkubwa, mpole. Koko aliweza kuingiza mkono mzima kinywani mwake kutoa mfupa uliokwama. Mjomba hakupenda. "Umeharibu imbwa," alisema. "Sasa mwizi akikuya?"

"Nilitaka imbwa ya kuishi na batu," Koko alijibu.

Halafu mashamba yakaanza kuua. Huhitaji nikuchoree, rafiki yangu. Watu waliondoka na panga na kikapu, wakakutana na wenye bunduki msituni, na wengine hawakurudi. Tuliambiwa tusiende. Lakini kakao inaiva bila kuuliza habari za usalama, na ada za shule yetu zilikuwa juu ya ile miti. Asubuhi moja Koko alifunga kilemba, akamwita mbwa, akatuambia tugeuze kakao kabla ya jua kali.

Motere alirudi peke yake kabla ya adhuhuri. Alikuwa amekatwa kwa panga, usoni, toka jicho hadi taya. Aliingia lupangoni, akazunguka turubai bila kuikanyaga, akalala mlangoni kwa Koko.

Wanaume wa mtaa walimpata Koko shambani siku iliyofuata. Sitasema zaidi.

Kwenye kilio watu walijaa, wakaimba, na katikati ya nyimbo nikamsikia mtu nyuma yangu akisema: "Nao walifundisha imbwa isilume batu. Ona sasa." Wengine wakaitikia kwa pua. Nilikuwa mtoto, na hadi leo naumwa na sauti ile kuliko kaburi. Kana kwamba waliokuja na panga na bunduki wangerudishwa na mbwa. Kana kwamba kosa lilikuwa upole wa yule mama. Hakuna aliyeuliza kwa nini kidonda cha Motere kilikuwa mbele, si mgongoni.

Tuliondoka Bungulu kwa lori la Papa Hadji, pamoja na majirani wengine, magodoro na mbuzi. Baba alisema mbwa abaki, nafasi hakuna. Papa Hadji alishuka, akainama na kanzu yake, akambeba Motere mikononi, damu, usaha na mate, akampandisha juu ya magunia.

"Papa Hadji, manguo!" mdogo wangu alipiga kelele.

"Nitanawa," alisema.

Butembo tulikodi chumba katika lupango la watu wengi. Jicho la Motere lilipona vibaya, naye akaanza kung'ata upya. Safari hii alining'ata hata mimi niliyempelekea chakula. Mimi na mdogo wangu tulikunja mikono, tukamgeuzia mgongo, tukanyamaza kama tulivyofundishwa. Hakuacha, maana hakuwa anacheza. Mtu ambaye angejua la kufanya alikuwa Beni, chini ya udongo. Siku alipomng'ata mtoto wa mwenye nyumba, baba alichukua kamba, akatoka naye kwa njia ya mabonde. Alirudi peke yake na kamba mkononi, hakula.

Nimefika Bungulu mara moja tangu hapo. Nyumba inakaliwa na watu waliokimbia kutoka vijiji vya mbali, nao wana shida zao, walinipa kiti. Papa Hadji alihamia Uganda kwa wanawe. Pale tulipoanika kakao pameota majani. Hakuna pale anayejua jina la Koko, wala kwamba palikuwa na mama aliyevumilia kung'atwa mwaka mzima ili jirani afike msikitini akiwa safi. Vita vinahesabu nyumba na watu. Uvumilivu wa namna ile hauna wa kuuhesabu, basi umepotea kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Baba amezeeka sasa. Mwezi wa mavuno uliopita tulikuwa tumekaa tukimenya viazi, hakuna aliyetaja mbwa wala Beni, akaweka kisu chini na kusema, bila kuniangalia:

"Ile siku ya kamba, imbwa sikuivuta. Ilinifwata yenyewe."

Kisha akachukua kiazi kingine.