Bi Mlango na Jiwe Lisilopitisha Umeme

Kuna wanaozeeka na vyeo na kuna wanaozeeka na ufagio. Bi Mlango alishika ufagio miaka ishirini na miwili katika jengo la fizikia, na muda wote huo wasomi walimwuliza swali moja tu: sakafu imekauka? Kisha, akiwa na miaka hamsini na saba, akageuzwa kifaa cha sayansi.

Ilikuwa hivi. Katika maabara ya mwisho, ndani ya kijumba cha bati chenye mlango wa chuma, Profesa alikuwa na kijiwe cha rangi ya asali, kidogo kuliko ukucha. Kijiwe hicho ni sumaku, lakini umeme hakipitishi ng'o. Juu yake kulikuwa na nyuzi tatu za platini, nyembamba hata jicho halizioni. Ukitia umeme kwenye uzi wa kwanza, jiwe linaukataa, ila visumaku vyake vya ndani vinatikisika. Kila kimoja kinamtikisa jirani yake, wala hakuna kinachohama, mpaka mtikisiko unafika uzi wa tatu na kuzaa umeme kiduchu. Mtikisiko huo wasomi wanauita magnoni. Uzi wa katikati ndio koki: umeme wake ukipita huku, magnoni zinaongezeka, ukigeuzwa, zinafifia.

Bi Mlango, akipiga deki huku Profesa akieleza, alielewa upesi kuliko wanafunzi.

"Si ndio umbea wa kwenye foleni?" alisema. "Mtu haachi nafasi yake, lakini habari inafika dirishani. Na huyo wa katikati ndiye mwenye mdomo. Akipenda, inafika na chumvi. Akinuna, inaishia kwake."

Shida ni kwamba kwa miezi minne uzi wa tatu haukusema neno. Skrini ilionyesha vurugu tupu. Asubuhi moja Bi Mlango, mgongo ukimuuma, akauegemea mlango wa kijumba apumzike, na mstari kwenye skrini ukanyooka, ukapanda. Profesa akapiga yowe. Wakamwambia atoke; mstari ukavurugika. Aegemee tena, ukapanda. Wakamweka mwanafunzi, wapi. Akaegemea Profesa mwenyewe, kwa adabu zake zote, wapi. Basi watu wenye shahada tatu tatu wakakata shauri kwamba mwili wa mama huyu una jambo. Wakampima uzito, joto, hata madini ya chuma kwenye damu.

Kuanzia hapo mambo yakawa mambo. Alipewa kiti kirefu na chai ya saa nne, na Profesa akaanza kumwamkia. Mtunza stoo, mtu wa kanuni hadi kwenye kucha, akasema kila kinachohitajika kwenye kipimo lazima kiwe na kibandiko. Akambandika begani: KIFAA NA. 47. Bi Mlango alicheka, ila hakukibandua.

Miezi saba ikapita. Binti yake, mimba ya kwanza, mume yuko kazini mbali, akapiga simu. "Mama, daktari kasema ni wiki hii. Naogopa." Bi Mlango akaenda kuomba likizo, na kwa kuwa sasa alikuwa kwenye daftari la vifaa, akapelekwa stoo.

"Vifaa havina likizo, mama," alisema mtunza stoo. "Vina matengenezo."

"Niandikie matengenezo basi."

"Yanafanyika humu humu ndani."

"Binti yangu anajifungua!"

"Kifaa kina binti? Nitaandika safu gani hiyo?"

Profesa naye alikaribia kulia. Vipimo vya mwisho vilikuwa wiki hiyo hiyo. Mama akiondoka, magnoni zimeondoka.

Bi Mlango akarudi kitini. Ukweli aliujua: mwili wake haukuwa na lolote. Bawaba ya chini ilikuwa imelegea, mlango haufungi sawasawa, na kelele za umeme wa jengo zima, kuanzia feni mpaka friji, ambazo kijumba kiliwekwa kuzizuia, zilipenya kwenye ufa. Nyonga yake iliusukuma mlango pale penye ufa, wenzake waliegemea juu zaidi, basi. Akisema leo, kesho ni ndoo na tambara. Na iliuma, tusidanganyane. Mtu akishaonja kuamkiwa, kurudi kuwa hewa ni kazi. Alifika hata kufikiri kwamba binti anaweza kusubiri siku mbili, halafu akajionea aibu.

Simu ikalia. "Mama, uchungu umeanza."

Alisimama. Akachana kipande cha boksi, akakikunja mara nne, akakishindilia chini ya bawaba kwa kisigino cha kiatu. Mlango ukafunga ndi! Akaenda kusimama dirishani, mbali kabisa.

Mstari ukapanda, umetulia kuliko siku zote. Profesa akageuza umeme wa uzi wa katikati, ukashuka. Akageuza tena, ukapanda. Mlangoni hakuna mtu.

"Sasa hilo boksi," aliuliza mtunza stoo, aliyekuwa amekuja na daftari lake, kalamu mkononi, "tuliite namba ngapi?"

Profesa alikuwa anamtazama Bi Mlango. "Mama, umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Miezi yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

Bi Mlango alikuwa anafunga mkoba. "Nilikuambia, mwanangu. Kabla hata sijauegemea. Nilisema huu mlango haufungi, nawe ukaniambia niangalie nisiloweshe nyaya."

Akashuka ngazi mbili mbili kwenda kwa binti yake.